Mashine ya Presha Juu ya Kabati

 

Ukibahatika kuketi sebuleni kwa mstaafu wa Tegeta, Bunju, Mbagala Kuu au Chamazi, tupa jicho juu ya kabati la vyombo. Utaona picha ya mahafali ya mtoto wa mwisho. Utaona kalenda ya msikiti au ya parokia. Halafu, nyuma kidogo, utaona boksi lenye picha ya mkono uliofungwa kitambaa cheusi. Hiyo ni mashine ya kupimia presha. Imeletwa na kijana aliyeko Muscat au Houston, au imenunuliwa Kariakoo na binti anayeshinda kazini mjini, na mara nyingi imefunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Muulize mwenye nyumba ameitumia lini mara ya mwisho. Kabla hajajibu, atacheka.

Mazungumzo ya leo ni kuhusu kicheko hicho.

Maelezo yanayotolewa haraka haraka ni kwamba wazee wanaogopa teknolojia. Utayasikia kwa watoto wao, utayasikia kwa manesi, utayasikia kwenye semina za hotelini ambako wataalamu wanaonyeshana programu mpya za simu: mzee hakusoma, mzee macho hayaoni, mzee amezoea ya kizamani. Mimi maelezo hayo siyakubali, na sababu ninazo.

Mzee huyo anayeambiwa haelewi mashine ndiye anayeingiza tarakimu 20 za LUKU kwenye mita umeme unapokatika saa tatu usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, na akikosea moja anaanza upya wala hagombi na mtu. Ndiye aliyejifunza M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, akaikariri menyu yake kwa kuhesabu namba za kubonyeza kwa sababu maandishi hayaoni vizuri. Makato anayajua. Wakala mwaminifu wa mtaani anamjua, na yule anayechungulia namba ya siri ya mteja kwa jicho la pembeni pia anamjua. Hakuna aliyempeleka kozi. Alijifunza kwa sababu upande wa pili wa ile simu palikuwa na jambo linaloeleweka: hela ya mtoto inaingia, unaitoa, unanunua unga.

Na kama mnataka ushahidi wa zamani zaidi, nitautoa kwenye chombo hiki hiki mnachonisikilizia.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Wengine wenu mlikuwemo. Vipindi vilirushwa na Radio Tanzania kwa wiki 12, na watu wapatao milioni mbili, nchi nzima, walikaa katika vikundi kuvisikiliza: malaria, safura, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu. Redio yenyewe ilikuwa kitu cha watu wachache wakati ule. Kijiji kizima kingeweza kutegemea moja. Lakini haikuachwa iseme peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake aliyepewa mafunzo na kijitabu. Kipindi kikiisha redio inazimwa, kiongozi anasoma ukurasa wa wiki hiyo, watu wanabishana, wanakubaliana la kufanya, na kesho yake majembe yanatoka: vyoo vinachimbwa, madimbwi yanafukiwa, nyasi zinafyekwa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sasa amevuka 70. Ndiye huyo huyo tunayemwona na boksi lake juu ya kabati.

Kwa hiyo afya kupitia chombo cha umeme si jambo geni kwake. Alilianza kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kilichobadilika ni kwamba chombo cha mwaka 1973 kilikuja na mtu, na cha sasa kimekuja na betri nne na karatasi ya maelekezo.

Tuangalie sasa anapoishi. Dar es Salaam ya pembezoni imejaa wazee waliohama. Wapo waliouza nyumba za urithi Kariakoo au Ilala wakagawana, kila mmoja akaenda kujenga kwake Mbande au Toangoma. Wapo waliojengewa na watoto wao Wazo au Goba. Wapo wale wa Mabwepande, waliopelekwa huko mwanzoni mwa mwaka 2012 baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuwatoa bonde la Jangwani. Kule walikotoka, mtu alikuwa anakohoa chumbani na jirani anamsikia. Muhimbili ilikuwa karibu. Huku wana uwanja, wana ukuta, wana miembe, na watoto wanaondoka alfajiri kuwahi foleni ya mjini na kurudi baada ya isha. Mchana kutwa mzee yuko na dada wa kazi na mjukuu ambaye hajaanza shule. Kutoka Mabwepande mpaka hospitali ya Mwananyamala, au kutoka Mbande mpaka hospitali ya Temeke, ni safari ya kupanda na kushuka, na mwenye goti bovu anaihesabu kwa ngazi za daladala, kilomita hazimhusu.

Watu wa namna hii ndio haswa ambao kipimo cha nyumbani kingewafaa. Hilo silipingi. Nauli inapungua, siku ya kliniki haipotei, na tatizo linaonekana mapema. Kwenye karatasi, hesabu inakubali. Sasa twende mezani, tulifungue lile boksi.

Mashine inawashwa, inabana mkono, inalegea, inaonyesha namba tatu. Pembeni ya namba pana herufi za Kiingereza: SYS, DIA, PUL. Karatasi ya ndani ya boksi ni ya Kiingereza na Kichina, kwa maandishi ya kumshinda hata mwenye miwani mipya. Ya juu ni presha moyo unaposukuma damu, ya katikati ni presha moyo unapopumzika, ya chini ni mapigo ya moyo kwa dakika. Ni mambo ya dakika tano kumweleza mtu. Lakini kwa sababu hakuna aliyeeleza, nyumba nyingi zinaisoma ile namba ya tatu kama presha nyingine. Mtu anaona 72 pale chini, anasema yangu leo imeshuka, anatafuta chumvi. Na sisi tuna lugha yetu ya presha ya kupanda na presha ya kushuka, ambayo mashine haiijui.

Halafu kuna saa. Kipimo cha nyumbani kina tabia ya kutumiwa pale mtu anapojisikia vibaya, na mtu hujisikia vibaya usiku. Fikiria mama wa miaka 74, Chamazi, saa nane usiku, kichwa kinagonga. Anajifunga kile kitambaa, mashine inasema 178 kwa 104. Sasa afanye nini? Ampigie nani? Zahanati ya jirani imefungwa. Mwanawe amelala na kesho ana kazi. Namba ya daktari wa kliniki hana, na angekuwa nayo asingethubutu kuipiga saa nane. Anakaa na ile namba mpaka asubuhi, na kwa sababu anakaa nayo, inapanda. Akipima tena inasema 186. Mama huyu akiamka siku ya pili akalirudisha boksi juu ya kabati na kusema ukijipima kila siku unajitafutia presha, nani atamwita mshamba? Amefanya hesabu yake sawasawa. Taarifa isiyo na mtu wa kupelekewa imemwongezea hofu tu, na hofu ni kitu anachoweza kukipunguza mwenyewe, bila ada, kwa kutopima.

Hapo ndipo ninapokiona kiini cha jambo hili. Mzee haikatai mashine. Anakataa kuachiwa peke yake kazi ya daktari.

Na kuna hesabu nyingine, ya shilingi. Kwenye kliniki ya presha na sukari, kwa mzee mwenye kitambulisho cha matibabu bila malipo, kupima ni bure. Sera ya nchi inamtambua kuanzia miaka 60. Nyumbani, kipimo cha sukari kinakula vijiti, na vijiti vinanunuliwa. Kichupa kikishafunguliwa tarehe yake inaanza kuhesabika, utumie usitumie. Watoto wengi wananunua ile mashine kwa furaha kubwa na kusahau kwamba wamenunua mdomo unaohitaji kulishwa kila mwezi. Mzee haombi. Atasema kipimo kimeharibika.

Nilisema mashine nyingine zinatoka kwa watoto walioko mbali. Hili nalo lina upande wake wa ndani. Mtoto aliyeko ng'ambo anataka kila asubuhi atumiwe picha ya namba kwenye WhatsApp. Anafanya hivyo kwa mapenzi, na kwa umbali aliopo ndilo analoweza kufanya. Lakini kwa mzazi, zamu zimegeuka: aliyekuwa anakagua madaftari sasa anakaguliwa yeye. Namba ikiwa mbaya simu inaita, maswali yanaanza, umekula nini, umekunywa dawa, kwa nini hujanywa. Basi mzazi naye hujifunza. Anapima mara tatu na kutuma ile iliyotulia. Au anatuma ya juzi. Ukitaka kujua kwa nini baba yako wa Tegeta ana presha nzuri kuliko vijana wa timu ya taifa, anzia hapo.

Wa karibu zaidi ni mjukuu. Karibu kila simu janja ya mzee inaendeshwa na mjukuu: ndiye anayeongeza mwanga, ndiye anayefuta picha zikijaa, ndiye anayesoma ujumbe kwa sauti. Na kwetu jambo hili linawezekana kwa wepesi kwa sababu ya utani. Bibi anamwita mjukuu wa kiume mume wangu. Wa kike anamwita bibi mke mwenza. Kwa hiyo mtoto wa darasa la sita anaweza kumwambia bibi yake, wewe mke mwenza, dawa ya asubuhi umeimeza au umeificha chini ya mto, na bibi akacheka akameza. Nesi akisema maneno hayo hayo ni karipio. Mwana akisema ni utovu wa adabu. Mjukuu ana kibali ambacho hakuna programu ya simu itakayokipata, na nashangaa kwamba wanaotengeneza vifaa hivi hawamfikirii kabisa: wanamtengenezea mgonjwa mmoja, simu moja, namba ya siri moja, wakati nyumba zetu haziko hivyo.

Ila utani una mpaka. Ujumbe wa kukumbushia dawa za sukari mjukuu atausoma. Ujumbe wa tezi dume je? Wa majibu ya VVU? Tuna wazee wengi wanaotumia dawa za kufubaza virusi, na watu huwa wanajifanya kama hawapo. Babu hawezi kumpa binti wa miaka 12 simu amsomee kwamba siku ya kuchukua dawa zake ni Jumatatu. Atazima simu. Atabadilisha laini kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, na ni sheria nzuri. Lakini sheria inamlinda mtu dhidi ya kampuni na taasisi, haiwezi kuingia sebuleni kumlinda dhidi ya msomaji wake mwenyewe. Dawa ya hapo ni mtu wa afya kumuuliza mzee kabla: baba, ujumbe tukikutumia, nani anakusomea? Sentensi moja tu.

Nije kwenye jambo ambalo wazee wakilitaja watoto wao huinua macho juu: matapeli.

Nchi hii nani hajawahi kupata ujumbe wa ile hela tuma kwenye namba hii? Wazee wamepigiwa simu na watu wanaojifanya kampuni za simu, wanaojifanya hospitali, wanaojifanya mtoto amepata ajali na anahitaji kulazwa sasa hivi. Wameibiwa mafao. Serikali ikawafundisha, na ilifanya vizuri kuwafundisha: namba usiyoijua usiifuatilie, ya kitapeli itume kwenda 15040, huduma kwa wateja wa kampuni za simu watakupigia kwa namba 100 tu, si nyingine. Mzee amelishika somo. Halafu wiki inayofuata kituo cha afya, kwa nia njema kabisa, kinampigia kwa namba ya kawaida ya simu ya nesi: habari mzee, nakupigia kuhusu majibu yako, naomba nitajie jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Mzee anakata simu. Kwenye ripoti ataandikwa hapokei huduma za kidijitali. Mimi ningemwandikia amefaulu.

Na usisahau kwamba wengi wao wamewahi kuguswa mwilini na mashine ya kidijitali, ikawakataa. Ulikuwa mwaka 2019, usajili wa laini kwa alama za vidole. Vidole vilivyoshika jembe, saruji na sabuni ya magadi miaka 50 vinafifia; vikiwekwa kwenye kile kioo, hakisomi. Anaambiwa futa, jaribu tena, weka kingine. Foleni nyuma inaguna. Tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Mtu aliyepitia hapo akiona kifaa kingine kinachotaka kidole chake, hata kama ni kile cha kubana ncha kupima hewa ya oksijeni, ana haki ya kusita kidogo.

Wakati mwingine shaka yao ndiyo sayansi yenyewe. Siku hizi zinauzwa saa za mkononi zinazodai kupima sukari bila kumchoma mtu kidole. Vijana wanazinunua kwa wazazi wao, maana nani anapenda kumwona mama anachomwa? Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya namna hiyo inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa akiongeza au kupunguza dawa kwa kufuata saa ile anaweza kuzimia. Mzee wa Mbagala aliyesema sukari iko kwenye damu, itaonekanaje juu ya ngozi, alikuwa mbele ya muuzaji. Kwetu kazi ya kukagua vifaa tiba ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na ukinunua kifaa cha kumpimia mzazi, nunua mahali ambapo unaweza kurudi na risiti.

Lakini nisiwapambe wazee kupita kiasi, maana wanaonisikiliza watajisifu. Kizazi hicho hicho kinachoshuku nesi kwenye simu ndicho kinachosambaza sauti za WhatsApp kwamba maji ya bamia yanamaliza kisukari. Mwaka 2011 ndicho kilichopanda malori kwenda Samunge, Loliondo, kwa marehemu Mchungaji Ambilikile Masapila, kikombe cha dawa yake shilingi 500, na wapo waliorudi wakaacha dawa zao za sukari na za virusi. Angalieni tu kilichowavuta. Palikuwa na mtu. Alikuwa mzee mwenzao, anakaa palepale, anampa kila mmoja kikombe chake kwa utaratibu wake. Sisemi dawa ile ilitibu. Nasema mtu hufuata uso anaouona, na anayetaka kumpelekea mzee afya kwa simu bila uso atashindana na walio nao.

Na kosa kubwa zaidi la wazee wangu ni hili neno: mwenyewe najisikia vizuri. Presha haipigi hodi, inakuja kuonekana kwenye kiharusi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti wakiongozwa na Richard Walker walifuatilia kiharusi wilayani Hai na hapa Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai walipata wagonjwa wapya 108.6. Dar es Salaam walipata 315.9. Karibu mara tatu, na viwango vya Dar ni vya juu kuliko nchi nyingi zenye fedha. Wengi wa namna hiyo hawaumwi chochote, kwa maneno yao. Hujisikia vizuri mpaka asubuhi ile mkono unapokataa kushika kikombe. Kwa hiyo boksi kukaa juu ya kabati kuna gharama, na gharama hiyo italipwa na binti atakayeacha kazi kumgeuza mzazi kitandani.

Tatizo basi liko kwa nani? Angalieni tulivyopanga huduma za simu nchini. Wazazi Nipendeni ilianza mwaka 2012: mjamzito anatuma neno kwenda 15001 bila malipo, anapata ushauri kila wiki kulingana na mimba yake. Huduma nzuri, kwa simu yoyote. Usafiri wa dharura wa m-mama, namba 115, ni kwa wajawazito na watoto wachanga, na umeokoa maisha. Mwaka 2019 programu ya Ada, inayomuuliza mtu maswali juu ya dalili zake, ilitolewa kwa Kiswahili kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Hiyo inataka simu janja. Mzee mwenye kiswaswadu chake, mwenye presha, sukari na macho yenye mtoto wa jicho, kwenye orodha hiyo yuko wapi? Tumemtengenezea dirisha lake hospitalini, tukaandika mpishe mzee kwanza. Kwenye simu bado yuko mwisho wa foleni.

Majirani zetu wa Rwanda walikuwa na huduma ya Babyl tangu mwaka 2016. Mtu alijisajili kwa simu ya kawaida, nesi au daktari akampigia, dawa akapata kwa namba. Watu zaidi ya milioni mbili walijiandikisha. Mwaka 2023 kampuni mama huko Uingereza ikaanguka, na huduma ya Rwanda ikafungwa. Mzee anayesema miradi hii huja na kuondoka ana mfano mkononi.

Zanzibar wamekwenda njia nyingine, na kwangu ndiyo ya kuigwa. Mpango wa Jamii ni Afya unampa simu mhudumu wa kujitolea wa shehia. Mhudumu anakwenda nyumbani, anakaa mkekani, anauliza, anaingiza majibu, na simu inamwelekeza la kufanya baadaye. Kifaa cha kidijitali kiko mikononi mwa anayelipwa posho kukibeba. Mwenye nyumba anachoona ni mtu anayemjua, ana mfuko, anamwita kwa jina la mwanawe. Mpango huo ulianza na mama na mtoto, lakini hakuna kinachozuia mlango huo huo kumpitisha bibi.

Na huku bara milango iko wazi kuliko ilivyowahi kuwa. Tarehe 31 Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Tunatarajia wafike Charambe na Mabwepande pia. Ombi langu kwa manispaa za Kinondoni na Temeke ni dogo. Mfuko wa mhudumu uwe na kipimo cha presha chenye mkanda wa saizi zaidi ya moja. Afike kwa mzee mara moja kwa mwezi, afungue boksi lililo juu ya kabati, alinganishe namba za mashine hiyo na za kwake, aandike kwenye daftari kwa kalamu nene. Na aache namba moja ya simu, ya kituo, ambayo mzee atakuwa ameonyeshwa mapema kwamba ni ya kituo, ambayo ikiita hatadhani ni tapeli na yeye akiipiga itapokelewa hata usiku. Hiyo namba moja ina thamani kuliko mashine kumi.

Mpaka hapo, wazee wangu, tusisubiri manispaa. Siku ya kliniki ikifika beba mashine yako, mwambie nesi apime kwa yake kisha kwa yako, muone kama zinakubaliana. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono zinadanganya usipouinua mkono usawa wa moyo. Ukiweza chukua ya kufunga juu ya kiwiko. Nyumbani pima asubuhi kabla ya dawa na chai, ukiwa umekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini haijapishana, mkono uko mezani bila nguo, na hakuna anayekusemesha. Pima mara mbili, andika zote mbili, hata mbaya. Namba zikizidi 135 kwa 85 siku nyingi mfululizo, usibadilishe dawa mwenyewe; peleka daftari kliniki. Ikifika 180 kwa 120, na kifua kinabana, au macho yamepata ukungu, au mdomo umekwenda upande, au mkono umekufa ganzi, hapo mashine imemaliza kazi yake: mwamsheni kijana mwenye gari, hata kama kesho ana kazi, mwende hospitali.

Nanyi watoto mlio mbali, mkituma kipimo tumeni na hela ya vijiti. Na baba akituma namba mbaya, msimkaripie, atafanya mazoea ya kutuma nzuri.

Kwa aliyeshikwa na swali usiku huu na hana wa kumuuliza, Wizara ya Afya ina namba ya simu ya bure, 199. Haitaki bando wala simu janja. Kiswaswadu kinatosha.